Walifuta Fungu la Marehemu

Matanga ya mume wangu hayajapoa, shemeji zangu wakamfuta.

Kwenye kompyuta, namaanisha. Nikawaangalia tu.

Sisi ni watu wa Kolkata. Nyumba moja, ndugu watatu, majiko matatu, kwa sababu sisi wake tuligombania samaki mpaka majiko yakagawanywa.

Kompyuta ikabaki moja. Virusi vya huyu vikala video za yule. Matusi kutwa.

Mume wangu, Anirban, akaleta diski kubwa, terabaiti nne, akaikata mafungu matatu. Kila jiko na mfumo wake: wadogo zake Windows, yeye Linux. Ukiwasha, inatokea orodha ya majina. Unachagua lako, unaingia kwako.

Ugomvi ukaisha.

Kisha moyo wake ukasimama akiwa kazini.

Nikawa sisikii kitu. Nakula, sionji. Naambiwa pole, haifiki.

Akaja Nirupam, mdogo wa Anirban, anayehariri video za harusi.

"Shemeji, usichukie. Fungu la kaka limekaa bure. Nalifuta, nijipanue."

"Futa."

"Na chumba chenu cha mbele..." Akakohoa. "Wewe na Titir mnatosha kile cha juu ya paa."

Mkewe, Jhorna, akadakia: "Watu wawili, chumba chote kile! Mnacheza mpira humo?"

"Mtaamua wenyewe."

Titir, binti yangu, alinitazama. Nikatazama ukuta.

Nirupam akafuta, akazima, akawasha.

Kioo cheusi. Hakuna orodha, hakuna jina la mtu.

"Mungu wangu! Video ya watu ya harusi!"

"Umegusa nini wewe?" Jhorna akafoka.

"Fungu la kaka tu!"

"Na langu halifunguki!" Dipen, mdogo wao wa mwisho, naye akapiga kelele. "Shemeji! Njoo!"

Nina diploma ya kompyuta. Nikakaa, nikaangalia.

"Orodha ya majina ilikaa kwenye fungu la Anirban. Ndiyo iliyokuwa inawafungulia wote."

"Kazi zangu zimepotea?" Nirupam akauliza.

"Zipo. Mlango ndio haupo."

"Turudishie basi, shemeji yangu."

"Nikiwa nakaa chumba kipi?"

Nirupam akamgeukia mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa kitandani anakunja tambuu. Hakuinua hata kichwa. "Anakaa palepale alipo. Anayetaka paa, ngazi ile pale."

Nirupam akaitikia kwa kichwa.

Alikuwa amefuta tu, hajaandika kitu juu yake, kwa hiyo nikaweza kulirudisha fungu. Orodha ikatokea.

Nikaingia kwa Anirban. Nilidhani nitakuta picha, au hata sauti yake.

Hamna kitu. Mtu alijikatia nafasi kubwa vile, akaweka humo mlango wa wenzake tu.

Nikangoja kulia. Sikulia. Nikaenda kupika wali.

Ndugu msomaji, kabla hujakata fungu la marehemu, angalia nani amesimama juu yake. Huenda ni wewe.

Na wewe mama uliyefiwa, usiseme "mtaamua wenyewe".

Wataamua kweli.