Chumba Nilichomchagulia Mama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huwa nainamisha uso, ingawa mvi zimekwisha kunijaa kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nimesimama mapokezi katika hoteli moja mjini Kigoma, nimevaa suruali ya kitambaa niliyoipiga pasi mwenyewe, na mama yangu mzazi amechuchumaa sakafuni mbele ya binti wa mapokezi, anampigia makofi ya salamu. Nikamshika mkono, nikamwinua. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hapa hawasalimiani hivyo."

Makosa mengine yote niliyoyafanya katika safari ile yalitoka humo.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Editha. Juzi alikuja hapa nyumbani Kasulu, akaketi kando yangu, akafungua simu. Anataka kunipeleka kusini mwa Ziwa Tanganyika kwa meli, safari ambayo nimemsumbua nayo kwa muda mrefu, na kabla ya kupanda itatubidi tulale Kigoma siku mbili. Akanionesha hoteli tatu, zote za bei ya kati. Moja ina bwawa la kuogelea. Nikamuuliza, bwawa la nini na ziwa zima liko pale chini? Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilicheka kidogo tu, maana mawazo yalikuwa yamesharudi kwa mama.

Mama yangu alikuwa mkulima wa Nyakitonto. Alilima maharage na muhogo mpaka magoti yakamkataa. Alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, mama mkubwa Yozefina, aliyeolewa mbali, katika kijiji cha ufukweni huko kusini mwa ziwa. Walikuwa hawajaonana tangu mimi sijaota meno. Mwaka huo ikaja barua iliyoandikwa na binti wa mama mkubwa. Ilisema: Mama anaumwa, anamwomba mdogo wake aje, ana neno anataka kumwambia kwa kinywa chake.

Mama alinisomesha barua ile mara tatu, kisha akaikunja akaiweka ndani ya Biblia asiyojua kuisoma. Akasema, "Twende akiwa bado ana nguvu ya kusema."

Wakati huo nilikuwa karani wa ghala katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, kule Kibondo. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu magunia, lakini ungeniona ninavyotembea ungedhani magunia ni yangu. Wageni wa mashirika walikuwa wakija na kuondoka, na mara mbili nilitumwa Kigoma na dereva kuwapelekea mizigo yao katika hoteli moja ya upande wa juu wa mji. Haikuwa hoteli kubwa kupita zote. Ilikuwa ya kati. Ina vigae sakafuni, feni darini, na kitambaa cheupe mezani. Mara zote mbili niliachwa kwenye kiti cha mlangoni na mizigo. Nikajiapiza kwamba siku moja nitaingia pale na mama yangu, tupande ngazi kama watu.

Usinihukumu upesi, mwanangu. Nilimpenda mama. Lakini mapenzi ya kijana mara nyingi huwa na kioo mkononi, anamtazama anayempenda huku akijitazama mwenyewe.

Watu wa kwetu walipokwenda kusubiri meli walikuwa wakilala katika gesti moja karibu na bandari, ya mama mmoja mzaliwa wa Kasulu aliyeitwa Mama Fausta. Vyumba vya chini, bomba uani, na jiko la mkaa kwa mgeni yeyote aliye na chake cha kupika. Mama aliniambia tangu kwenye gari, "Twende kwa Mama Fausta, wenzetu wote hulala huko." Nikamjibu kwamba huko ni kelele na vumbi, na safari hii tutalala kwa heshima. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilikuwa nikiijua vizuri kabisa, hata shuleni niliwahi kuimalizia nikapewa vema.

Mlangoni pa hoteli palikuwa na mlinzi, mzee wa Kiha. Ulipomtazama tu ulijua. Mama alipomwona, uso ukamchanua. Akaanza kuchuchumaa, mikono inapiga, "Mwidiwe, mwidiwe." Wewe wa siku hizi huenda hujui, au umeona kwa bibi yako ukacheka: salamu yetu Waha haiishi kwa neno moja. Unainama, unapiga makofi, unaitikiwa, unauliza nyumbani, mifugo, mvua, mtu atokako na aendako, na mwenzio naye anakuuliza. Ni ndefu, sikatai. Mzee yule naye alikuwa ameshaweka rungu lake chini ili aitikie. Nikamkokota mama ndani, nikisema binti wa mapokezi anatungoja.

Huko ndani akachuchumaa tena mbele ya binti wa watu. Unajua nilivyofanya.

Binti hakuwa na kosa lolote. Alisema kwa adabu kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi vyumbani, akakichukua kikapu cha mama, chenye ugali wa muhogo, maharage na ndizi za kuchoma, akakihifadhi nyuma ya kaunta. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu. Mama alipanda ngazi zile akishika ukuta, akipumzika kila kona, na mimi mbele na ufunguo.

Siku ya pili hakushuka kabisa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akiogopa kulichafua shuka. Nilipomletea wali wa hotelini akala vijiko vinne, akasema ameshiba. Nami nikatoka kwenda kuzungukazunguka mjini, nikijisikia mwana mwema. Tiketi tulikuwa tumekata siku ya kwanza, na bandarini waliniambia meli itang'oa nanga saa kumi jioni ya siku ya tatu. Kwa hiyo nilikuwa na habari yangu mfukoni. Kuuliza si ujinga, lakini nani angeuliza tena jambo alilokwisha kujibiwa?

Asubuhi ya siku ya tatu tulishuka kunywa chai. Mayai, mkate, siagi, papai lililokatwa vipande. Mama alitaka tuende bandarini mapema tukakae na watu. Nikamwambia chai hii imo ndani ya bei ya chumba, tuinywe mpaka mwisho. Nilikuwa napaka siagi kipande cha tatu wakati honi ililia kutoka chini ziwani, ndefu.

Mama akaweka kikombe. "Mwana wanje, mwanangu," akasema, "hiyo si meli?"

"Ni meli nyingine tu, mama."

Ikalia tena. Akasimama peke yake, bila kushika meza. Tukachukua kikapu na mizigo, tukatoka, na pale mlangoni yule mzee mlinzi akatutazama kwa mshangao mkubwa.

"Kumbe nyinyi ni wa meli?" akasema. "Saa imebadilishwa tangu jana, inaondoka asubuhi. Kwa Mama Fausta wageni wote walipewa habari jana ileile. Ningewaambia, ningejua mnakokwenda. Lakini mlinipita."

Mlinipita. Hakusema kwa hasira. Mpaka leo bado naisikia sauti yake.

Tulipata pikapu, tukateremka. Tulipofika getini, meli ilikuwa imeshaliacha gati, na watu waliosindikiza walikuwa wanageuka kurudi makwao. Ingepita nyingine baada ya wiki mbili. Mama akaketi juu ya mzigo wake, akaitazama mpaka ikawa ndogo. Hakunilaumu. Afadhali angenipiga kofi mbele za watu, ningejua deni limekwisha. Alisema tu, kama anayeongea na dada yake, "Yozefina, ningoje."

Nililia, mwanangu, na suruali yangu ya pasi, katikati ya wachukuzi.

Aliyetukuta pale alikuwa Mama Fausta mwenyewe, ametoka kuwasindikiza wageni wake. Mwanamke mnene, kanga kifuani, sauti ya kuita watu shambani. Alipomwona mama akachuchumaa palepale kwenye vumbi la bandari, akapiga makofi, "Mwidiwe!" Mama akaitikia. Wakasalimiana wee, mpaka ikajulikana kwamba mjomba wa mmoja alioa ukoo wa mwingine huko Rungwe Mpya. Hapo ndipo Mama Fausta aliponigeukia.

"Na wewe, baba, mlilala wapi?"

Nikaitaja hoteli. Akanipima kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ni hoteli nzuri, nami siisemi vibaya. Lakini nikuulize: ulimchagulia mama yako chumba, au ulijichagulia wewe?"

Akachukua kikapu cha mama, akajitwika, akatangulia.

Wiki zile mbili niliomba ruhusa kazini nikakaa na mama pale. Chumba kilikuwa cha chini, hatua tano kutoka bombani. Aliamka mapema, akamenya muhogo na Mama Fausta, akapika maharage yake kwenye jiko la uani, akawagawia wageni wa Kibondo na wa Uvira waliokuwa wakisubiri safari zao. Shuka zilikuwa zimefifia rangi naye alizilalia kwa raha. Nilimwona akicheka. Kisha kila jioni aliketi akatazama upande wa kusini, na kicheko kikaisha. Kila siku iliyopita nilijua nimeichukua kwenye mfuko wa mama mkubwa.

Meli ilipokuja tulikuwa wa kwanza kupanda.

Tulifika asubuhi, tukashushwa kwa boti mpaka ufukweni. Binti wa mama mkubwa alitupokea akilia. Yozefina alikuwa hai. Lakini sauti ilikuwa imemwondoka. "Alikuwa anasema mpaka Jumapili," binti akatuambia. "Kila siku aliuliza kama meli imekuja." Sisi tulifika Alhamisi.

Mama aliingia ndani. Dada yake alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yako wazi, midomo inatikisika bila neno. Na mama yangu, kwa magoti yale mabovu, akachuchumaa. Akapiga makofi polepole, "Mwidiwe, Yozefina. Mwidiwe, dada." Tukangoja. Mkono mmoja wa mama mkubwa ukasogea juu ya blanketi, ukatafuta mwenzake. Vidole viwili vikapiga kiganja. Vikapiga tena.

Alikuwa anaitikia.

Walikaa hivyo muda mrefu, huyu anapiga, yule anaitikia. Salamu ileile niliyoionea aibu kwenye vigae vya watu ndiyo peke yake waliyobaki nayo. Mama mkubwa aliishi siku tano baada ya hapo. Neno alilotaka kumwambia mdogo wake alikwenda nalo, na hakuna aliyelijua, hata binti yake. Mama aliishi miaka mingi baadaye na hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Lakini mara mojamoja, akichambua maharage, ungemsikia anajisemea, "Sijui alitaka kuniambia nini."

Majuto ni mjukuu, walisema wa kale. Na kweli wangu amekuja na simu mkononi.

Basi mwanangu, shika haya. Ukimtafutia mtu pa kulala kabla ya safari, usianze na picha, anza na mtu. Tazama magoti yake kabla ya kutazama ghorofa, na kikapu chake kabla ya kitambaa cha mezani. Hoteli ya bei ya kati si dhambi, lala hata kwenye ya juu kabisa kama Mungu amekujalia. Lakini kama unalala siku mbili tu ili upande meli, jua kwamba ulichofuata ni meli. Kaa mahali ambapo habari ya meli itakufikia hata kama hukuiuliza. Na popote utakapofika, msalimie mlinzi wa mlangoni. Msalimie mpaka mwisho. Heshima si utumwa, na aliyekaa mlangoni huona mengi kuliko sisi tunaopita na funguo. Tena mzee wako akiinama kusalimia kwa desturi yake mbele ya watu, usimwinue. Iname naye.

Editha alipomaliza kunionesha zile hoteli tatu aliifunika simu, akaniuliza, "Babu, wewe mwenyewe unataka kulala wapi?"

Ni swali fupi, kulijibu hakuchukui dakika, nami sikumuuliza mama. Nikamwambia, "Chini, karibu na bandari, na mahali ambapo nitaruhusiwa kula ugali wangu." Akasema, "Basi tutatafuta hapo, babu." Nikamshukuru Mungu kwamba katika ukoo wetu amepatikana anayeuliza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe vyumba vyenye milango iliyo wazi, na wenyeji wanaouliza utokako. Kila unayemwendea umkute angali na sauti, na neno alilokuwekea likufikie lote. Mimi hapa nimeinama kadiri magoti yanavyoniruhusu, na mikono yangu inapiga. Mwidiwe. Usinipite.