Nyumba Iliyoandikwa Gofu

Donna Ersilia Calabretta hakuuza nyumba. Hakuiuza mwaka ule wa msiba, hakuiuza baadaye, wala hakupokea kitu chochote kutoka kwa kampuni ya saruji ili aandikwe kuwa hayupo. Yanayosemwa kwa Santo kinyozi na mbele ya duka la mikate ni maneno ya watu waliokosa kazi. Mmoja anasema mama wa watu alirukwa na akili baada ya kufiwa. Mwingine anasema alipiga kelele ili bei ipande. Mwanamke aliyefundisha Kilatini sekondari mpaka alipostaafu, mke wa mfamasia, aliyeolewa katika ukoo ambao haujawahi kuitwa mbele ya hakimu, eti akae akipigania bei kama muuza samaki! Mambo yalikuwa hivi.

Don Saverio, mumewe, alifariki mwishoni mwa majira ya baridi, ghafla, akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa akimweleza mteja namna ya kunywa dawa ya kifua. Nyumba ya akina Calabretta iko peke yake juu ya rasi, imeikabili ghuba. Siku ya mazishi ilifungwa kama zinavyofungwa nyumba zenye heshima katika pwani hii ya Kalabria. Madirisha yote ya mbao, ya upande wa bahari na ya upande wa barabara, yalitiwa komeo kwa mwaka mzima, na mlango mkubwa ukaachwa ubawa mmoja umeegeshwa tu. Juma la kwanza jiko halikuwashwa. Hata leso haikuanikwa nje. Majirani walileta chakula kwa zamu, leo supu ya kuku, kesho tambi na dengu, na aliyekuja kuhani hakubisha hodi. Alisukuma ubawa, akaingia, akakaa gizani na wafiwa, akaondoka. Kila mtu mjini anajua kwamba kwenye nyumba yenye msiba anayebisha hodi ni mgeni, na mgeni hafunguliwi.

Aliyesimamia utaratibu huo ni Agatina, dada mkubwa wa marehemu, ambaye hakuolewa na aliishi nao humo humo. Ersilia alikuwa na shahada yake, lakini kwa mambo ya matanga Agatina hakumsikiliza mtu.

"Wifi, dirisha la jikoni lina ufa."

"Unapitisha hewa, Agatina."

"Unapitisha maneno. Uzibe."

Ukazibwa kwa kitambaa cheusi.

Basi, katika juma hilo hilo ndipo walipokuja wapimaji. Kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha saruji pale chini ghubani, pamoja na gati ya meli za makaa ya mawe, na sheria inataka kwanza ifanywe tathmini ya athari kwa mazingira. Vijana wawili kutoka kaskazini walisimamisha vyombo vyao juu ya miguu mitatu, wakapima upepo na sauti, wakachota maji ya bahari kwenye chupa, wakahesabu nyumba zilizo karibu. Walipofika rasini wakabisha hodi. Wakabisha tena. Ndani, Ersilia alitaka kuinuka, Agatina akamshika mkono.

"Nani huyo?" Ersilia alinong'ona.

"Asiyetujua. Kaa."

Akakaa. Wale vijana wakaandika walichokiona, wakaenda zao.

Hakuna aliyekumbuka jambo hilo mpaka kiangazi. Siku moja akaja Micuzzo, askari wa manispaa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Ersilia, tena si wa kujivunia. Alisukuma mlango, akasimama gizani akizungusha kofia mikononi.

"Mwalimu, usinikasirikie."

"Sema kwanza, kukasirika nitaamua mwenyewe."

"Mjini wanasema umeshauza."

"Nimeuza nini?"

"Nyumba. Ripoti ya kampuni imewekwa manispaa ili wananchi waisome. Nyumba yenu imeandikwa gofu. Gofu, halikaliwi. Sasa watu wanasema, kampuni ingeandikaje hivyo kama wenyewe hawakukubali? Santo anasema mtahamia kwa ndugu zenu Napoli."

"Hatuna ndugu Napoli. Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema mimi kila nikija hapa napewa kahawa. Gofu halipiki kahawa."

"Hilo ndilo jibu la kwanza sahihi ulilowahi kunipa, Micuzzo."

Kesho yake Ersilia alishuka mjini, amevaa nguo nyeusi kutoka kichwani mpaka miguuni, akakaa kwenye benchi la manispaa na kuisoma ripoti hiyo, penseli nyekundu mkononi kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa nene kama misale ya kanisani. Ndege wa kupita walitajwa wote kwa majina yao ya Kilatini, bila kosa. Majani ya baharini yalichorewa ramani yenye rangi. Na ukurasa mzima ulimhusu mjusi anayeishi kwenye ukuta wa bustani ya akina Calabretta, anakula nini, anataga lini, asisumbuliwe vipi. Mjusi wa ukutani kwake aliandikwa kuwa anaishi pale. Yeye hapana.

Angeweza kucheka kama mambo yangeishia hapo. Lakini yote mengine yaliegemea kosa hilo. Kwa kuwa nyumba ya karibu inayokaliwa ilikuwa ng'ambo ya mto, makaa yangepakuliwa usiku kucha. Mkanda wa kuyabeba usingehitaji kufunikwa. Bomba la moshi lingesimama chini kabisa ya rasi, kwani vumbi lake lingemwangukia nani? Kwa kalamu moja walikuwa wamemfukuza nyumbani kwake, na mji mzima ukaamini kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Mkuu wa wapimaji, Mhandisi Brusaferro, alikuwa amepanga chumba juu ya benki. Alimpokea kwa adabu zote, akamvutia kiti. Adabu zake zilimchosha Ersilia kuliko ambavyo ujeuri ungemchosha.

"Bibi, vijana wangu walifuata taratibu. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na taa, hapakuwa na nguo kambani. Walibisha hodi."

"Nyumba ilikuwa na msiba."

"Pole sana. Ila fomu zetu hazina sehemu ya msiba."

"Zina sehemu ya mijusi."

"Mjusi yule analindwa na sheria, Bibi."

"Na mjane?"

Mhandisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi nakuamini. Lakini tume itakayoipitisha ripoti haitaniamini mimi. Nahitaji ushahidi kwamba nyumba inakaliwa."

"Ushahidi umeketi mbele yako."

"Huo ni ushahidi wa mtu. Mimi nahitaji wa nyumba. Nitaleta mpiga picha. Wewe utafungua madirisha ya upande wa bahari, tutapiga picha, utafunga. Kikombe cha kahawa hakitapoa."

Ersilia alimwambia atafikiri. Njiani alikutana na watu watatu waliomwamkia kwa sauti ya upole mno, ile sauti wanayoitumia watu kwa anayehama.

Agatina alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye rozari yake.

"Kwa hiyo mwaka wa kaka yangu unakatizwa kwa ajili ya picha."

"Kwa ajili ya nyumba ya kaka yako, wifi. Nyumba aliyoijenga baba yako."

"Watu watasema tuliomboleza mpaka kampuni ilipotuambia inatosha."

"Watu sasa hivi wanasema tumeuza!"

"Basi watapata maneno mawili badala ya moja. Unawapelekea sahani na kijiko."

Kilichomuudhi Ersilia kuliko yote ni kwamba yule mwanamke mkaidi alikuwa anasema kweli. Madirisha yakibaki yamefungwa, wameuza. Yakifunguliwa, hawana haya. Siku zilizofuata alizunguka gizani akijigonga kwenye viti vyake mwenyewe, akigombana na fomu, na tume, na wifi yake, na mara moja, alipokuwa peke yake ukumbini, na picha ya Don Saverio. "Hukuweza kungoja kidogo?" alimwambia. "Hukuweza kungoja wamalize kuhesabu?" Kisha akaona aibu, akaifuta picha vumbi ambalo halikuwepo.

Siku hizo kampuni ilikuwa imeleta tishari ghubani, linatoboa chini ya bahari kutafuta mahali pa kusimamisha nguzo za gati. Kelele zake zilipanda rasini, zikaingia ndani kana kwamba hakuna ukuta. Ersilia alizisikiliza asubuhi nzima, meno yameumana, ndipo akamwita Micuzzo na kumtuma kwa mhandisi. Madirisha hayatafunguliwa, akamwambie hivyo. Lakini nyumba hii inapokea wanaokuja kuhani, kama nyumba nyingine yoyote. Aje na chombo chake cha kupimia sauti. Asukume mlango, akae, apime, na ushahidi wa nyumba utakuwa huo.

Mhandisi alikuja. Akabisha hodi.

Akabisha tena.

"Ewe Mama Maria," Ersilia aliita kutoka ndani. "Sukuma, mwanaume! Umeambiwa usukume!"

Akasukuma, akaingia, akajikwaa kwenye kigoda, akaomba radhi kwa kigoda. Ukumbini walikuwepo Agatina na jirani yao wa ng'ambo ya mto, Nuzza, aliyekuja na sahani ya mabiringanya yaliyojazwa nyama, pamoja na wanawake wengine wawili waliofika kusali. Mhandisi alipewa kiti katikati yao. Chombo chake kilisimamishwa juu ya meza, taa yake ndogo ya kijani ikawa ndiyo taa pekee mle ndani.

Tishari likaanza. Glasi zililia kabatini. Picha ya marehemu ikainama upande mmoja, Nuzza akainuka kuinyoosha, ikainama tena. Agatina alipaza sauti ya rozari ili Mungu amsikie juu ya ile kelele, na wenzake wakapaza za kwao.

"Samahani, Bibi," mhandisi alimwinamia Agatina, "kama mngesali kwa sauti ya chini kidogo. Chombo kinapima sala."

"Acha kipime. Kitafaidika."

"Lakini hesabu itaharibika."

"Sala ilikuwepo humu kabla ya tishari lako. Liambie lenyewe linyamaze."

"Agatina!" Ersilia alisema, lakini si kwa nguvu sana.

Hatimaye Agatina alikubali kusali kwa midomo tu, kwa heshima ya kaka yake, si ya mhandisi. Tishari likabaki peke yake. Mhandisi alitazama chombo chake, akatazama picha iliyoinama, akaandika, akafuta, akaandika upya. Alipomaliza, Nuzza alimsukumia sahani, naye akala mabiringanya yake gizani kama mfiwa yeyote, akashukuru, akatoka akipapasa ukuta.

Alikuwa mtu mwaminifu, hilo lisemwe. Ripoti iliyorekebishwa iliandika wazi kwamba nyumba ya rasini inakaliwa na watu wawili. Iliandika pia kwamba kelele pale zingepita kiwango kinachoruhusiwa. Kisha, mstari wa chini yake, ikatoa ushauri: kampuni inunue nyumba hiyo na kuwahamisha wakazi wake.

Ersilia alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Agatina alitoka jikoni kumtazama kama ana homa.

"Wametuona, wifi," alisema. "Wametuona mara ya kwanza, na papo hapo wanataka tuondoke."

Wakili wa kampuni hakubisha hodi. Kuna mtu mjini aliyemfundisha. Alisukuma mlango, akatoa pole kwa maneno mazuri, akaweka karatasi mezani. Hivyo ule uvumi wa kwa kinyozi, ambao ulikuwa uongo mtupu, sasa uliingia nyumbani kwa miguu yake, umevaa suti. Wakili alikaa kitambo. Alipoondoka, Nuzza alikuwa kwenye bustani ya akina Calabretta akichuma nyanya ambazo hazijaiva.

Mkutano wa hadhara ulifanyika katika sinema ya parokia, maana ukumbi wa manispaa ungekuwa mdogo. Tume ilikaa mbele ya pazia, pamoja na meya, mhandisi na watu wa kampuni. Ersilia alikaa safu ya tatu. Kando yake alikaa Agatina, ambaye tangu mazishi hakuwa amekanyaga popote isipokuwa kanisani na makaburini.

Kabla hata meya hajamaliza salamu, Santo kinyozi alisimama.

"Donna Ersilia, kwa heshima zote. Walikupa ngapi? Sisi wa ng'ambo ya mto tunataka kujua, maana ukihama wewe, vumbi linatufuata sisi."

Watu wakaguna. Wengine wakageuka kabisa kwenye viti vyao wamwone vizuri. Ersilia akainuka. Hakumtazama Santo, alizungumza na tume, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa.

"Nyumba ya Calabretta inakaliwa. Wanaoishi humo hawahami, wala leo wala kiwanda kikijengwa. Andikeni hivyo. Kisha mkapime upya kila mlichokipima kwa kudhani hatupo: makaa ya usiku, mkanda usiofunikwa, bomba la moshi. Msijenge hesabu juu ya kuondoka kwetu, kwa sababu hatuondoki."

Wajumbe wa tume walisogeza vichwa pamoja. Mhandisi aliulizwa kama ripoti yake inasimama wakazi hao wakibaki. Alisimama, akasema haisimami. Mwenyekiti akatangaza kwamba inarudishwa, na kwamba kazi ya tathmini itaanza upya, nyumba ya rasini ikiwemo. Watu wa kampuni wakaanza kukusanya karatasi zao.

"Sawa, lakini walikupa ngapi?" Santo alikuwa bado amesimama.

Meya akakohoa. "Donna Ersilia, ingesaidia kumaliza uvumi. Kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano tu. Kiasi kilichotajwa, na ulichomjibu wakili."

"Sisemi."

"Hata kwa ufupi?"

"Aliyetaka kujua kama tumeuza, ameshajibiwa," alisema Ersilia akimpa Agatina mkono ainuke. "Mengine yalisemwa nyumbani kwangu, na yatabaki nyumbani kwangu. Sina la kuongeza."