Rudia, Dada

Shangazi yangu alikuwa akiigombeza ile spika kama mtoto aliyevunja sahani. "Kwani dunia haina jengine? Hakuna anoimba mchele kupanda bei? Hakuna anoimba mgongo kuuma? Kila siku mahaba, kila siku kitanda!" Spika ilikuwa yangu, ndogo, nyekundu, nimeiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sisi wengine pale jamvini tulicheka, tukaendelea kuchambua karafuu. Jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulitoa, maana ndilo nililokuwa nikilitumia.

Wimbo wa njaa ni wa watu wote. Ukiimba mchele umepanda, kila mtu ataitikia kweli, na yameisha, hakuna aliyechomwa. Wimbo wa mapenzi hautaji jina la mtu, lakini nafasi ya jina imo. Mtu akipita unaongeza sauti kidogo, mwenyewe anaijaza nafasi ile. Akinuna unamuuliza, jamani, nimekutaja? Wanaume wanadhani tunazipenda nyimbo hizi kwa ajili ya mahaba. Mahaba yenyewe, wengi wetu pale tulikwishasahau yana ladha gani. Tulizipenda kwa kuwa zinauma, na zinamuuma mwengine.

Kwetu ni ndani kidogo ukitoka Mtambile. Msimu ukiwa mzuri, wanaume huteremsha karafuu mchana kutwa, na baada ya swala ya alasiri wanawake hukusanyika kwa shangazi kutenganisha karafuu na vikonyo vyake. Vidole vinafanya kazi peke yake, vinakuwa vyeusi na kunuka, na mdomo unabaki hauna shughuli. Mimi ndiye niliyekuwa nachagua nyimbo, kwa simu yangu.

Miongoni mwetu alikuwamo binti wa mjomba wangu, mdogo kwangu kwa miaka miwili. Mwenyezi Mungu alimpa sauti. Akiimba, hata watu waliokuwa njiani walisimama. Mimi sauti yangu ni ya bawaba iliyoshika kutu, na nimeambiwa hivyo tangu madrasa, kwenye kasida za Maulidi, nilipowekwa mstari wa nyuma na kuombwa nichezeshe midomo tu. Nilimuonea wivu. Sina njia nyengine ya kulisema.

Mumewe alikuwa na duka la vipuri vya baskeli Wete, akirudi nyumbani kila Alhamisi. Siku hiyo binti wa mjomba alikuwa akiondoka jamvini mapema, akafukize nyumba udi, atunge asumini. Alituaga kwa aibu na furaha, kama bibi harusi. Alikuwa na miaka tisa ya ndoa. Na sisi sote tuliobaki tulijua kuwa yule bwana kaoa mke wa pili huko huko Wete. Mimi nilijua mwanzo kuliko wote, kwa sababu mume wangu alialikwa kwenye nikaha na akala biriani yake.

Nikautafuta wimbo. Haikunichukua muda, ziko tele. Ulikuwa wa mke anayetandika kitanda, anakunja shuka pembe kwa pembe, wakati mwenye kulalia kishapata mto mwengine. Ulikuwa na kiitikio kitamu. Binti wa mjomba aliushika siku ya kwanza. Siku ya pili aliuimba wote.

Tukamwambia arudie. Alirudia. Wanawake walijiziba midomo kwa kanga, mabega yakiwatikisika, na yeye akadhani tumependezwa na sauti. "Mnanicheka nyie," alisema, huku akitabasamu. "Hata," nikamjibu, "wauimba vizuri. Rudia, mwenzangu."

Aliuimba msimu mzima. Aliuimba na siku za Alhamisi, akitoka, akielekea kwake kutandika. Nilikuwa nikienda nyumbani nina furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu, na hilo linanitisha zaidi ya yote.

Shangazi ndiye aliyechoka. Alasiri moja, katikati ya kiitikio, alitupa kishada cha karafuu jamvini. "Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Wajiimba mwenyewe."

Binti wa mjomba alimtazama shangazi, akatutazama sisi, mmoja mmoja, tukawa tunashughulikia karafuu kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwisho akanitazama mimi, na simu iliyokuwa mapajani mwangu.

"Tokea lini?" aliuliza.

Akauliza tena, taratibu, kama anayeuliza bei. Kisha akamaliza fungu lake lote, akakung'uta vikonyo kwenye kanga, akaenda zake. Ilikuwa Alhamisi. Nilisikia kuwa alifukiza udi kama kawaida.

Hakuachika, na hakuimba tena. Harusini alipiga makofi tu. Nami hakunisemesha, isipokuwa salamu, ambazo alizitoa zote, hadi ya mwisho, kwa adabu iliyonifanya nitamani anitukane.

Misimu kadhaa ikapita mibovu. Mwaka juzi mikarafuu ikazaa kweli, tukarudi jamvini kwa shangazi, sote tumenenepa na tumezeeka. Spika yangu ilikwishakufa. Sasa ilikuwapo ya binti wa mjomba, kubwa zaidi, na simu iko mkononi mwake. Mume wangu alikuwa Unguja, amepata kazi ya ujenzi, akirudi mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimemnunulia shuka mpya.

Ukapigwa wimbo nisioujua, wa mwanamke anayemsubiri mtu wa safari. Ulikuwa mwepesi, nikajikuta nauitikia, kwa ile sauti yangu ya bawaba. Wanawake waliacha kuchambua wakanisikiliza. Nilipomaliza, mmoja alijiziba mdomo kwa kanga.

Binti wa mjomba aliinua uso. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, ukitoa salamu, tangu siku ile.

"Rudia, dada," alisema. "Wauimba vizuri."

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniomba nirudie wimbo. Niliitazama mikono yangu, myeusi, imeshika kishada, haikumbuki la kufanya.

"Tokea lini?" nikauliza.

Aliongeza sauti.