Kisu cha Mapafu ya Mbwa

Ndugu msomaji, nisikilize, na ukicheka sitakasirika. Tangu turudi kwetu Butihinda, Burundi, kutoka Tanzania, mimi ndiye ninayewafundisha majirani usafi. Lakini mbwa wangu nilikuwa nikimlisha mapafu mabichi ya mbuzi, nikidhani yatamfanya mkali. Juzi mama mkwe, aliyetoka tu kuugua tumbo, alitutembelea. Nikamkatia parachichi huku nikimweleza habari za minyoo. Mara jirani yangu Konsolata akapaza sauti mlangoni:

“We mwalimu! Kisu hiyo si njo ile umetoka kukatia mbwa mapafu?”

Mama mkwe alikuwa ameshafungua kinywa. Akalirudisha parachichi sahanini, akanitazama.

“Mwanangu, kumbe mimi na mbwa tuna mpishi mmoja?”

Asante, Konsolata, uliniokolea mama. Nawe msomaji, chemsha nyama unayompa mbwa mpaka iive, kisha osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni.