Mama Milimita na Mvua Isiyohesabiwa

Kila siku ya Mungu, ikifika saa tatu asubuhi, Rodah aliacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa akichuma majani chai, kikapu kilishuka mgongoni. Kama alikuwa akigombana na mumewe Weldon, ugomvi ulipumzishwa na kuendelea saa tatu na dakika tano. Alikwenda hadi kwenye uwazi mdogo kati ya chai na zizi, mahali palipozungushiwa seng'enge ndama wasipite, akainama juu ya mkebe wa shaba uliochimbiwa ardhini. Alitoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji yake kwenye bilauri nyembamba yenye mistari ya milimita, akaiinua mpaka usawa wa macho. Kisha akaandika kwenye daftari. Kama haikunyesha aliandika sufuri, na sufuri yenyewe aliichora vizuri kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mkebe huo alipewa mwaka 1979 na bwana shamba aliyekuwa akitafuta mtu mwenye subira katika vilima vya Kaplong. Bwana shamba akahamishwa, asionekane tena. Mtu mwingine angeugeuza mkebe kuwa wa kutilia maziwa, lakini Rodah alikuwa ameambiwa apime, naye hakuambiwa aache. Miaka kumi na minane ikapita bila siku hata moja kubaki wazi. Siku aliyomzaa Chelimo, kitinda mimba wake, katika hospitali ya misheni, alimtuma Weldon nyumbani akapime mvua kabla hajamshika mtoto vizuri. Weldon hakupenda kukumbushwa habari hiyo, na Rodah alipenda mno kuikumbusha.

Majirani walimwita Mama Milimita. Aliitika.

Taabu ilianza mwaka 1997. Machi ikaja na kuondoka bila mvua ya kupandia. Chai ikakunja majani, na Oketch, karani wa kituo cha kununulia majani, akawa anaona haya kuning'iniza kwenye mizani magunia mepesi namna ile. Mahindi yaliyopandwa kwa imani yalichipua, yakatazama huku na huku, yakafa. Hapo ndipo Mzee Kimeli, kaka mkubwa wa Weldon, alipotapika neno alilolimeza miaka yote hiyo.

Kimeli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mcheshi, mwenye ng'ombe walionona kuliko wa mtu yeyote kilimani. Lakini alilelewa akijua kwamba Mkipsigis hahesabu ng'ombe wake. Jioni wakirudi huwatazama tu, na aliyekosekana anajulikana. Watoto nao hawahesabiwi. Ukimuuliza mtu ana wangapi, atakutajia majina. Kuhesabu baraka ni kuinyooshea kidole. Na huyu shemeji yake, kila asubuhi bila kukosa, alikuwa akiihesabu mvua kama mifuko ya saruji. Basi mvua imeudhika, Kimeli alisema, imekwenda kwa watu wenye adabu.

Mwanzoni watu walicheka. Njaa ilipokaribia, wakaanza kumsikiliza.

Jioni moja ya Aprili mawingu yalijikusanya upande wa Chepilat, na usiku huo matone yakagonga mabati. Asubuhi Rodah alikaribia kukimbia. Nyasi zilikuwa zimelowa, udongo unanukia vizuri, na juu ya mkebe wake palikuwa na sufuria, imepinduliwa barabara kama ya ugali. Ndani ya chupa hapakuwa na tone. Aliichunguza sufuria. Kwenye kitako palikuwa na herufi mbili za rangi nyekundu, maana kila mwanamke wa pale huweka alama vyombo vyake visije vikapotelea arusini. Ilikuwa sufuria ya Janeffer, mke wa Kimeli.

Rodah alifungua daftari akaandika: "Haijulikani. Sufuria ya Janeffer." Alicheka mpaka mbwa akaja kumtazama. Kisha akaketi pale kwenye nyasi mbichi akalia, kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza kumpotea katika miaka kumi na minane.

Jumapili baada ya ibada, wazee wa kilima walikutana kwa Kimeli. Hakukana. Alisema aliifunika mvua ili inyeshe bila kutazamwa, na tazama, ilinyesha. Wazee waliafikiana kwamba mkebe ung'olewe jioni ile ile. Rodah akaomba aseme mara moja tu, halafu wafanye watakavyo. Alikuwa amekuja na Oketch, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akiyapitia madaftari ya Rodah nyuma ya kituo badala ya kulala mchana kama kawaida yake. Yote kumi na manane yalikuwa kwenye kikapu cha chai.

"Baba Kipkoech," alimwambia shemeji yake, "wewe jioni ng'ombe wakiingia, unahesabu?"

"Mimi sihesabu. Naangalia."

"Na kama ng'ombe wako Sitienet hayuko?"

"Najua hapo hapo."

"Mimi pia naangalia," Rodah akasema. "Sasa sikiliza, mimi nitaita majina tu."

Akafungua daftari moja baada ya jingine, akaanza kuita siku za mvua za Machi. Mwaka wa themanini, mwezi ulijaa: tarehe mbili, nne, tano, saba, na nyingi nyingine. Themanini na saba, chache kidogo. Tisini na mbili, chache zaidi. Alipofika mwaka ule wenyewe wa tisini na saba akasoma siku mbili, zikaisha. Hakuna aliyetaja idadi, na hakuna aliyeihitaji. Watu wale waliokuwa wakichunga tangu wakiwa watoto waliona zizi likiwa nusu tupu. Kisha akawasomea siku za mvua ya mawe na za mafuriko, na hizo zilikuwa zimeongezeka. Zile za mvua ya pole pole, zinazopendwa na chai, ndizo zilizokosekana.

 Kimeli akauliza swali ambalo mwenye ng'ombe huuliza. "Nani amechukua? Nyayo zinaenda wapi?"

Rodah alimgeukia Oketch. Karani alisimama, akajikuna kidevu, akaeleza alivyoweza. Alisema amesikiliza redio na kusoma magazeti: moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima unaizunguka nchi, na misitu iliyokuwa ikiusafisha inakatwa, hata huku. Dunia ni kama mgonjwa wa homa aliyeongezewa blanketi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana ni kiasi gani na lini, lakini mgonjwa wa homa hatabiriki, leo anatetemeka na kesho anatokwa jasho. Jambo hili likiachwa hivi hivi, alisema, chai itatafuta kilima kirefu zaidi na haitakipata, na watu wa chini watapanda juu na kukuta watu wa juu hawana chakula.

"Na mvua yenu ikinyesha yote siku moja," Oketch akamaliza, "inateremka na mto Kipsonoi, inafika kwetu Nyakach kule chini. Mama yangu Aoko anaishi kando ya maji. Mimi hiyo daftari naitaka sana."

Kimeli alimwambia kijana huyo wa watu aketi. Alisema mkebe ubaki. Akaongeza kwamba mwizi mwenye nyayo dunia nzima hafuatwi kwa rungu, hivyo wachimbe mitaro ya kukata mteremko, na asiguse mtu tena miti ya mtoni. Akamwamuru mkewe akachukue sufuria yake kwa Rodah. Janeffer alikataa kwenda peke yake, akaandamana na kibuyu kizima cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na mkutano ukaishia kwa vicheko jikoni kwa Rodah.

Walichimba mpaka Septemba, wakitaniana kwenye mitaro. Oktoba mvua ikaja, na ilikuja kama yenye kisasi. Ikanyesha mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Mitaro ilishika udongo na chai ikasimama. Kila saa tatu Kimeli alikuja na mwavuli, eti anapita tu, akausimamisha juu ya daftari la shemeji yake.

Asubuhi moja ya Novemba walikuta chupa imejaa, mkebe umejaa, na maji yanamwagika pembeni. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Rodah akasema waziwazi kwamba anaogopa. Alimimina bilauri baada ya bilauri huku Kimeli akishika hesabu kwa sauti, na mwisho ulipofika mzee alitupa mwavuli akateremka mbio kwenye matope, miaka sabini na kitu, akiishika namba ile mdomoni isimponyoke.

"Mia moja ishirini na saba," alimwambia Oketch akihema. "Na ingine imemwagika. Pigia watu wako simu."

Oketch alikimbilia posta, akaipata ofisi ya chifu wa kwao. Mto ulifika Nyakach baada ya giza kuingia, ukachukua nyumba, kuku na migomba. Siku mbili simu hazikupita. Rodah alipima, akaandika, hakula. Kimeli alishinda kituoni, ameketi juu ya gunia, hataki chai.

Siku ya tatu Oketch akatoka posta. Alisema watu walipanda juu mapema, wako kwenye shule, na mama yake Aoko yuko nao akilalamika kuhusu kuku wake. Chifu amewapanga mstari akawahesabu.

"Mia mbili na kumi na tatu," alisema. "Wote wako."

Mzee Kimeli alivua kofia. Akamshika karani mkono.

"Rudia hiyo hesabu," alisema. "Pole pole."