Maneno ya Mama wa Mlangoni

Wachinjaji wa Dagoretti huingia kazini kungali giza, na jua likifika utosini siku yao imekwisha. Huosha viatu vyao vya gambuti kwa mpira wa maji, hunywa supu wakiwa wamesimama, kisha wale ambao hawana haraka ya kwenda nyumbani huvuka barabara na kuingia kwa Jamleck. Kwa Jamleck ni banda la mabati lenye mabenchi ya mbao, televisheni kubwa ukutani, na kwenye kona, stuli ya Tobias Were.

Were ndiye dijei wa hapo, ila si dijei wa muziki. Kazi yake ni kuzungumza juu ya picha. Filamu zinatoka China, Korea, Thailand, waigizaji wanasema lugha ambayo hakuna mtu humo ndani anayeielewa, naye anashika maikrofoni na kuwapa wote maneno: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa. Alikuja Nairobi kutoka Samia akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama mlangoni pa duka la nguo katikati ya jiji, akiwaita wapita njia kwa kipaza sauti. Jamleck alipita hapo siku moja kununua suruali, akasikiliza, akasahau suruali. Wakati huo banda lake lilikuwa jipya na alikuwa anatafuta mdomo.

Tangu siku hiyo Were hajanyamaza. Miaka imepita, nywele zimeanza kuwa na mvi, binti yake Maureen ameolewa, naye bado anapigana kila mchana kwa mdomo. Anajua kila mtu anapenda nini. Vijana wa bodaboda wanataka magari yanayoruka. Kamene, muuza supu, anataka picha yoyote yenye harusi, hata kama bibi harusi atatekwa kabla ya keki. Were mwenyewe anaipenda filamu moja ya mzee anayevuka milima mikavu na punda wake, na ndani yake karibu hakuna anayesema kitu. Aliwahi kuiweka mara moja. Watu walivumilia kidogo, kisha wakauliza mzee ataanza kupiga watu lini.

Wachinjaji, wao, wanataka Kipofu.

Hilo si jina lake. Jalada lilikuwa na maandishi ya Kichina, Were akaiita hivyo kwa sababu shujaa wake ni kipofu, mpishi, anayezunguka vijijini akiwatafuta waliomuua ndugu yake. Mapigano yake ni ya kawaida tu. Lakini katikati kuna mahali kipofu anafika jioni kwenye nyumba fulani, mvua inanyesha, na mwanamke mzee anafungua mlango. Anajifuta mikono kwa aproni. Anamtazama. Kipofu ananyoosha mkono na kumgusa shavu. Yule mama anasema jambo, kisha mlango unafungwa na picha inahamia kwingine.

Mara ya kwanza kuisimulia, Were alikuwa ametoka kumpoteza mama yake. Alifika Samia akakuta kaburi limekwisha kufunikwa, kwa kuwa basi liliharibika njiani na wazee hawakutaka kungoja. Alirudi Nairobi, akaketi kwenye stuli, na picha ilipofika mlangoni alijisikia akisema, kwa sauti ndogo ya kizee: "Mwanangu, nilijua utachelewa. Sikukasirika. Chakula chako nimekifunika, ingia ule." Akaendelea kidogo, akiwaeleza watu kwamba huyu ndiye mama mzazi wa kipofu, na kwamba amekuwa akiacha taa ikiwaka miaka yote ingawa mwanawe haoni.

Banda lilinyamaza. Wanaume wenye damu kwenye mikono ya mashati waliangalia chini. Kesho yake waliomba Kipofu tena, na wiki iliyofuata pia, na hawajaacha kuiomba mpaka leo.

Were amechoka nayo. Zipo siku mdomo unasema maneno ya yule mama huku yeye akiwaza kodi ya nyumba au meno yake, na anashtuka kukuta watu wamenyamaza vilevile kana kwamba aliyasema kwa moyo. Hilo linamchosha kuliko kupiga kelele za ngumi.

Mwaka huu sauti ilianza kukatika. Kwanza asubuhi, halafu siku nzima. Mkewe Namalwa, ambaye husafisha ofisi mjini, alimpeleka kwa daktari, naye daktari akamwangalia kooni na kusema kuna vinundu; anyamaze miezi kadhaa, asiponyamaza huenda sauti isirudi. Namalwa hakubishana. Alimtafutia kazi kwenye geti la nyumba za kupangisha mtaa wa Jamhuri, mahali ambapo mtu hufungua, hufunga, na huitikia kwa kichwa.

Jamleck si mtu mbaya. Alisema Were apumzike, na ili banda lisife, Debra, binti wa Jamleck, akamtafutia baba yake nakala mpya ya Kipofu, safi, yenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Siku ya kuionyesha, Were alikuja kabla ya zamu yake ya jioni. Aliketi kwenye benchi katikati ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akaona kwamba benchi hilo linaumiza mgongo.

Picha ilikuwa nzuri, rangi zimekolea. Wanaojua kusoma waliwasomea wasiojua, kwa kunong'ona. Picha ilipofika mlangoni, hakuna aliyesubiri kusomewa. Kila mtu alitazama skrini. Mama akafungua. Akajifuta mikono. Kipofu akamgusa shavu. Maandishi yakatokea, nayo yalisema kwamba nyumba ya wageni imefungwa, hakuna nafasi, ajaribu kijiji cha mbele.

Kijana mmoja alicheka, halafu akaacha. Mtu mwingine alisema nakala hii ni feki, wamebadilisha. Kwenye benchi la mbele, mchinjaji mmoja mkubwa wa mwili, Kuria, alisimama taratibu, akachukua kofia yake, akatoka.

Were alimfuata. Alijiona kama mtu aliyekamatwa akiuza maziwa yenye maji. Alimkuta Kuria kwenye zizi ambamo mbuzi wa kesho husubiri, ameegemea mbao.

Were alianza kueleza, kwa ile sauti yake iliyobaki kama karatasi inayochanika, kwamba hakujua Kichina, kwamba wakati ule alikuwa na msiba. Kuria alimkatiza.

"Nilikuwa najua kitambo," alisema. "Yule mama anafungua mdomo mara mbili tu. Wewe unaongea mpaka mlango umefungwa na bado unaongea."

Were alimtazama. "Na hao wengine?"

"Hawana macho? Wote wanajua."

"Sasa mbona mnakuja?"

Kuria alimsukuma mbuzi aliyekuwa akitafuna kamba ya aproni yake. Kisha akasema kwamba mama yake alifia Ndeiya asubuhi moja ya Ijumaa. Yeye alikuwa ndani ya machinjio, na simu ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limetundikwa ukutani. Alipomaliza kazi akanawa, akanywa supu, akaja kwa Jamleck akatazama picha mbili. Simu aliishika akiwa njiani kwenda nyumbani.

"Dada zangu hawakunilaumu," alisema. "Lakini hakuna mtu aliniambia sijakosea. Wewe peke yako, na ulikuwa hata huongei na mimi."

Were alitaka kusema jambo zuri. Lililotoka lilikuwa la kweli tu. "Nimechoka, Kuria."

"Najua. Unasikika. Hata sisi tumechoka, si ndio maana tunaketi hapo."

Nyumbani, Were alimsimulia Namalwa yote, akinong'ona. Namalwa alisikiliza huku akikunja nguo. Alikuwa amemjua yule mama wa Samia vizuri.

"Baba Maureen, mama yako hakuwa mpole hivyo," alisema. "Ungefika umechelewa angekuuliza kwanza kama umeleta sukari."

Were alicheka mpaka koo likauma. Ilikuwa kweli tupu, naye hakuwa ameikumbuka kwa miaka. Alikaa kitandani, na pale ndipo alipomlilia mama yake vizuri, yule mkali, wa sukari. Namalwa alizima redio na kumwacha. Baadaye alisema kwamba akitaka kwenda kwa wachinjaji, aende, lakini kwa mahali pale tu pa mlangoni, na akirudi akiwa amepiga kelele za ngumi, geti la Jamhuri litakuwa na mlinzi bubu.

Ndivyo ilivyopangwa. Jamleck alitundika gunia sehemu ya chini ya televisheni kufunika maandishi. Ngumi zinajipiga zenyewe sasa, na watu wanajaza maneno wanavyopenda, mengine ya matusi. Siku za Kipofu, Were hupita akielekea kazini, huketi kwenye stuli akiwa amefunga skafu shingoni, hungoja mvua ianze kunyesha katika picha.

Ijumaa iliyopita sauti haikutoka. Aliivuta, akakohoa, akaivuta tena, na mama alikuwa tayari amefungua mlango. Mikono ikafutwa. Shavu likaguswa. Alichoweza kutoa kwenye maikrofoni kilikuwa neno moja, "Ingia," tena kwa mkwaruzo, si kwa sauti ya kizee hata kidogo. Kisha mlango ukafungwa.

Alingoja walalamike. Hakuna aliyelalamika. Kuria alivuta pumzi, akanyoosha miguu mbele ya benchi, na kwenye skrini watu wakaanza kurushana juu ya meza. Were aliweka maikrofoni chini. Alijihisi mwepesi kidogo, na amechoka, na alikuwa na njaa. Kamene alimpa kikombe cha supu mlangoni bila kumsemesha, kama alivyoagizwa na Namalwa, naye akainywa yote hapo hapo, kisha akashika njia ya Jamhuri.