Mwanamume wa Ukutani

Bustani yetu ilikuwa nyuma ya kanisa, huku Manga, kwenye kipande cha mteremko ambacho awali watu walitupia takataka. Kila Jumapili sisi vijana tulipalilia mboga, sukuma, managu na chinsaga, kisha tukaketi nyasini kumsikiliza mwalimu. Alikuwa mwanamke kijana aliyesomea sanaa, akija kwa bodaboda kutoka Mosocho. Tukiwa bado na matope mikononi, alitufundisha kuchora, na alituzungumzia haki: nani hurithi, nani hufukuzwa, na kwa nini majirani hunyamaza.

Samadi tulipewa na baba yangu. Aliileta mwenyewe kwa wilbaro, akitaniana na kila mtu, nami nilitembea kando yake kwa maringo.

Siku moja mwalimu alitaka tuchore kwenye ukuta wa stoo jambo tulilolishuhudia wenyewe. Binti wa marehemu baba mdogo, ambaye nilimwita dada na tuliyelima naye mstari mmoja, alisema bila kuinua macho, "Tuchore mjane akitolewa shambani."

Hakuna aliyenitazama. Ndivyo nilivyofahamu kwamba wote walijua. Baada ya baba mdogo kuzikwa, baba alichukua shamba lake lote, chai na migomba, na mama mdogo akahamia chumba cha kupanga sokoni pamoja na watoto. Nyumbani kwetu jambo hilo liliitwa "kutunza shamba".

Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mgeni, alifurahi. Akanigeukia. "Wewe unajua kuchora watu. Mchore huyo anayemfukuza."

Kukataa kungekuwa sawa na kukiri mbele ya wote. Nilichukua makaa nikamchora mtu aliyetugeuzia mgongo, mabega mapana, basi. Dada alikuja akasimama nyuma yangu.

"Alikuwa na panga," alisema polepole.

Nikamwekea panga. Sikuwepo siku ile, na sikuwahi kuuliza.

Michoro ilipopakwa rangi, majirani walialikwa waione na kununua mboga. Baba alifika akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alizunguka bustani akisifu chinsaga iliyonawiri kwa samadi yake, mpaka akafika ukutani. Mama mmoja alicheka chini kwa chini. "Huyu si tunamjua?"

Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikaona jinsi baba alivyokuwa akitafuta pa kuweka mikono yake, nikatamani immeze yeye kwanza, asiendelee kutazamwa.

"Umechora wewe?" aliniuliza kwa Ekegusii.

"Ee, tata."

"Mbona hukumwekea uso?"

"Nilishindwa."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei, akachukua kikapu changu cha mboga, akaondoka peke yake akipanda njia ya nyumbani. Jioni hiyo alikula mboga zile zote.

Muda si mrefu aliwaita wazee. Mama mdogo alirudishiwa sehemu ya chini, kwenye migomba karibu na kijito. Chai ilibaki kwetu. Watu walimsifu baba kwa moyo wake, hata kanisani.

Jumapili iliyofuata nilimkuta dada akitoa miche kitaluni.

"Mmerudi," nilimwambia.

"Kule chini tu," alijibu.

Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga njia nzima, lakini nikachuchumaa tu kando yake. Alinipa nusu ya miche yake, tukapanda hadi mvua ikatufukuza. Nilipopita kwao, mama mdogo aliniita nijikinge, akanimiminia chai. Aliniuliza habari za masomo, akaniuliza kama baba ni mzima. Nilijibu nikiangalia kikombe.